Kuteremka Salgaa Ndani ya Stoo

Ilianza Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili 2008, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Najua saa kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho saa ya ukutani ili nisitazamane na watu. Tulikuwa ndani ya stoo ya vipuri, kwenye yadi ya malori hapa Nakuru upande wa viwandani, yadi ambayo baba ameiendeshea malori tangu sijazaliwa. Madereva walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mawili, hawa huku na wale kule, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini hawakuchanganyika. Miezi mitatu tu nyuma, katika vurugu za uchaguzi, barabara yao ilikuwa imefungwa kwa mawe. Wote walikuwa wanaume wazima wenye watoto wa umri wangu. Mimi ni wa Form Three. Nilikuwa nimevaa sweta ya shule kwa sababu ndiyo pekee isiyo na tundu, na nilikuwa nimeletwa niwafundishe.

"Atufundishe nini huyu?" dereva mmoja mnene aliuliza. "Kusuka nywele?"

Mbele yao palikuwa na kiti cha lori kilichofungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma. Kilikuwa na usukani, gia, kanyagio tatu, na skrini tatu zilizopangwa nusu duara, hivi kwamba ukikaa humwoni mtu tena wala ukuta, unaona barabara tu, mbele na pembeni. Chini ya kiti kuna spika kubwa inayokutikisa makalio kama injini. Bosi aliinunua ikiwa imetumika, kutoka shule fulani ya udereva ng'ambo, kupitia kwa ndugu yake. Kitabu chake kinaiita kwa jina refu la Kiingereza ambalo maana yake ni kama kumweka mtu ndani ya mahali ambapo hayupo. Sisi tuliiita lori la ndani.

Bosi ni mzee wa kilemba, mzaliwa wa Nakuru kama babake, na huita kila mtu kijana, hata wenye mvi. Ndiye aliyemuuliza baba kama kuna mtu anayemjua wa kusoma kitabu cha mashine. Baba akasema msichana wake anasoma kompyuta shuleni. Ni kweli nasoma, ila shuleni kwetu kompyuta moja tunaigawana watu sita, na mimi kwa aibu yangu huwa ndiye wa sita.

Lakini singeweza kukataa, na sababu ni goti la baba. Mwezi wa pili alikuwa akibadilisha tairi njia ya Keringet, jeki ikateleza, goti la kushoto likapondeka. Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Alipotoka hospitali Bosi alimwambia hivi, nikiwepo:

"Kijana, siwezi kukurudisha barabarani na huo mguu, utaua watu. Lakini hii mashine inataka mwalimu wa kukaa nayo. Mtu wa bima anakuja mwisho wa mwezi. Akisema mashine ni sawa na mwalimu ni sawa, unabaki. Akisema hapana, mashine nauza, na wewe tunaachana vizuri."

Mama alipoambiwa alirudia hayo maneno mawili huku akichambua mboga. "Tunaachana vizuri. Hata sufuria ikiachana vizuri na unga, inabaki tupu."

Kwa hiyo kazi zangu zilikuwa mbili kwa likizo moja. Kuwafundisha madereva, na kumfundisha baba kuwafundisha madereva bila mimi, kwa sababu shule ingefunguliwa na ningeenda bweni. Niliapa moyoni kwamba nitafanya yote mawili. Nilipofungua mdomo siku ile ya kwanza, ikatoka sauti ya mtu anayeongea na sabuni mdomoni.

"Huyu anafundisha ama anaomba?" yule mnene akasema.

"Redio imeisha betri," mwingine akajibu kutoka benchi la pili. Mabenchi yote mawili yakacheka, na nikafikiri, angalau nimewaunganisha.

Kilichoniokoa ni kwamba meza ya mwalimu iko nyuma ya kiti. Dereva anatazama skrini, mimi natazama kisogo chake na kompyuta yangu. Mtu akikugeuzia mgongo ni rahisi kumwambia mambo. Wa kwanza kukaa alikuwa dereva kijana kuliko wote, yule ambaye baadaye kila asubuhi alinisalimia "niaje ticha." Nikamwambia awashe. Akawasha. Spika ikaunguruma, kiti kikatetemeka, naye akasema neno ambalo siwezi kuliandika. Barabara ya Wazungu ikatokea, yenye theluji pembeni. Lori lilipotokea mbele yake akaliwashia taa, kama madereva wanavyosalimiana, kisha akaangalia kioo cha pembeni kuona kama limejibu.

Wakaingia mmoja mmoja. Mnene alipopiga kona, mwili wake wote ulilala upande wa kona, ingawa kiti hakikusogea hata inchi moja. Alipomaliza alishuka amekuwa rangi ya majivu, akaenda kusimama nje akiwa ameshika ukuta.

Wawili waliomfuata pia walishuka hivyo. Minong'ono ikaanza. Mmoja akasema mashine ina kitu. Mwingine akasema ni uzee. Hili la uzee liliwauma zaidi, kwa sababu yule kijana alishuka akipiga mluzi. Nilikuwa nimelisoma hilo kwenye kitabu usiku uliopita na kamusi pembeni, na nilijua nisiposema siku hiyo, kesho hawarudi.

"Kitabu kinasema wanaopata kizunguzungu sana ni wale waliozoea gari la kweli," nikasema. "Macho yanaona gari linaenda, lakini mwili unajua lori lilivyo, unakataa. Asiyejua gari vizuri hasikii kitu."

Kisha mnene, akiwa bado mlangoni, akamgeukia yule kijana. "Umesikia? Ndiyo maana wewe unapiga mluzi."

Kuanzia hapo sikupata dereva aliyeshuka mzima. Kila mmoja alishuka akijishika kichwa, akiomba maji, na wengine nina hakika walikuwa wazima kama mimi. Yule kijana alishikilia kwamba naye anasikia tumbo. "Kidogo tu, ticha. Hapa kwa mbavu."

Siku ya tatu, wakati wa chai, mmoja aliuliza ni nani hukaa chini akatengeneza kitu kama hiki. Nyuma ya kitabu kuna ukurasa wenye kazi za watu walioitengeneza, na nilikuwa nimeusoma kwa sababu nilitaka kujua mimi mwenyewe. Nikawaelezea. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuchora miti na nyumba ndani ya kompyuta. Kuna anayeandika jinsi lori litakavyojiendesha likiwa tupu na likiwa na mzigo, na huyo lazima ajue hesabu. Kuna aliyezunguka na kinasa sauti akirekodi injini. Kuna fundi wa kiti na waya. Na kuna anayepanga masomo, aanze na tambarare, aende mlima, aende mvua, na huyo lazima ajue barabara kuliko kompyuta.

"Huyo wa kurekodi injini analipwa?" mnene akauliza.

"Analipwa."

"Kusikiliza tu?"

"Kusikiliza na kurekodi."

"Mimi injini yangu naisikiliza miaka yote bure." Akanywa chai. "Na huyo wa kuchora miti, miti ambayo haipo?"

"Ndiyo."

"Kuna watu wanaishi."

Lakini swali la baba halikuwa la mzaha. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, mguu ameunyoosha. "Barabara zilizomo humo ni za huko kwao tu?" Hakuniuliza mimi. Aliliuliza dari.

Hapa lazima nieleze. Nyumbani kwetu mimi na baba hatuongei moja kwa moja, na si kwa ugomvi. Ndivyo tulivyolelewa. Nikitaka viatu, namwambia mama, mama anamwambia baba. Baba akiona nimechelewa kurudi, anamwambia mama, "Msichana wako amechelewa," nikiwa nimesimama hapo hapo. Na msichana kumwambia babake kwamba amekosea, hilo sijawahi kuliona, si kwetu wala kwa majirani. Sasa pale stoo mama hakuwepo. Kwa hiyo baba aliliuliza dari, nami nikalijibu dari.

"Kuna sehemu ya kutengeneza barabara mpya," nikasema.

Basi tukaanza kutengeneza mteremko wa kuja Salgaa. Hiyo ni barabara ambayo kila dereva wa yadi ile anaijua, unatoka juu kule kwenye baridi na mzigo wako, unateremka, unateremka, kona inakuja ukiwa tayari umechoka kukanyaga breki, na huko chini ndiko kuna hoteli, malori yaliyoegeshwa, watu wanavuka bila kuangalia. Baba alisema, mimi nikaweka. Mteremko urefu gani, kona wapi, bega la barabara limeliwa upande gani. Madereva wengine walikuja kusimama nyuma yetu wakibishana, na katika kubishana wakachanganyika, wa benchi hili na wa lile. Hiyo kona haiko hapo, iko mbele. Wewe huwa unalala hapo, utaijuaje? Sikuwa na picha za vibanda vyetu, kwa hiyo Salgaa yetu ilikuwa na nyumba za matofali mekundu zenye moshi kwenye paa. Mnene alisema Salgaa imepata maendeleo.

Kisha nikamwambia baba, yaani nikaiambia skrini, kwamba kilichobaki angekiweka yeye.

Kumfundisha baba kushika maus ya kompyuta ilikuwa kazi. Mkono wake umezoea usukani wa lori, aliishika kama jiwe. Akifika mwisho wa meza anaendelea, maus inaning'inia hewani. Nilitaka kumshika mkono nimwongoze, nikashindwa kumgusa. Badala yake nilichukua kifuniko cha chupa nikakisogeza mezani pembeni ya mkono wake, naye akaufuata. Siku mbili tulifanya hivyo, mimi na kifuniko, yeye na maus. Siku ya tatu akaweka mti peke yake. Ulikuwa katikati ya barabara, lakini ulikuwa mti. Jioni yake nikamsikia akimwambia mama, "Leo nimepanda mti." Mama akauliza wapi, yeye akasema huwezi kuuona.

Wiki ya pili tukaanza kuteremka Salgaa, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Mteremkoni dereva anatakiwa abaki kwenye gia ndogo ili injini ishike lori. Kompyuta yangu ina mstari unaoonyesha joto la breki, kijani ikiwa baridi, nyekundu ikiwa zimeungua. Dereva wa kwanza alipofika juu ya mteremko mkono wake wa kushoto ulienda kwenye gia, ukaitoa, ukaweka free, bila gia yoyote. Lori likaanza kukimbia lenyewe. Akakanyaga breki, akakanyaga, mstari ukawa mwekundu, na Salgaa yetu ya matofali ikaja kwa kasi mpaka skrini zote tatu zikawa nyeusi.

"Mbona umeweka free?" nikauliza.

"Kuokoa mafuta," akasema, kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. Kisha akafikiri, maana lori la ndani linatumia stima, wala tangi halina. Akacheka peke yake.

Wa pili akaweka free. Wa tatu pia. Kila mmoja alikuwa ametazama aliyemtangulia akigonga, na kila mmoja alipofika mahali pale mkono ulienda. Huko barabarani ndivyo wanavyofanya miaka yote, wanaokoa mafuta kidogo ya kuuza ama ya kumfurahisha mwenye gari, na siku nyingi wanafika salama. Nilirudia, nikarudia. Nilipandisha sauti mpaka koo likakwaruza, na hakuna aliyetaja redio tena. Kufikia Jumatano karibu wote walikuwa wakiteremka na gia ya tatu, wanatoa jasho lakini wanafika. Baba alikuwa amesimama pembeni muda wote akiwakemea, "Acha gia! Acha hiyo gia!" Mwenyewe hakuwa ameteremka hata mara moja. Goti lilikuwa linamuuma, na sisi sote tulichukulia kwamba hahitaji.

Mtu wa bima alikuja Alhamisi saa tisa alasiri. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiria, amefunga tai, mpole, na alisalimia kila mtu kwa mkono, hata mimi. Bosi akamwonyesha mashine, skrini, kitabu. Kisha akasema kwa fahari, "Na mwalimu ni huyu. Dereva wangu wa zamani kuliko wote. Kijana, panda umwonyeshe."

Hakuna aliyepinga. Baba akavua kofia, akapanda. Klachi ya mashine ni laini kama kanyagio la cherehani, goti liliiweza. Alianza vizuri sana. Mtu wa bima alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu. Mimi nilikuwa mezani kwangu nyuma, natazama kisogo cha baba na kovu lake la shingoni. Tukafika juu ya mteremko. Mkono wa kushoto ukaenda.

Nilitaka kumwambia mama amwambie. Nasema ukweli, wazo hilo lilinijia, macho yangu yakatafuta mlango. Mstari ukaanza kupanda. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, skrini zikaganda, spika ikanyamaza, na katika ule ukimya nikasema kwa sauti ambayo stoo nzima iliisikia, "Baba, umeweka free."

Kisha mmoja kutoka mabenchini akasema chini chini, "Msichana amempigia babake filimbi."

Baba hakugeuka. "Rudisha," akasema.

Nikamrudisha juu. Akateremka, na alipofika mahali pale nikaona bega lake likikaza, akijizuia, na bado mkono ukaenda. Nikasimamisha tena. Alikaa akiutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Halafu akashuka, akachukua fimbo yake, akatoka nje.

Mtu wa bima alimwambia Bosi kwa upole, lakini sote tulisikia. "Mashine ni nzuri. Lakini mwalimu akifanya hili hapa, dereva atalifanya kule."

"Ni mazoea tu," Bosi akasema.

"Najua ni mazoea. Ndiyo yanayowaua." Alifunga mkoba wake. "Nalala hapa mjini. Kesho saa mbili napita nikielekea Eldoret. Mimi sikuja kuangalia dereva, mzee. Nilikuja kuona darasa. Nikikuta darasa, naandika. Nisipokuta, nitaandika hivyo pia."

Tulienda nyumbani kwa miguu, baba mbele na fimbo, mimi nyuma. Nilikuwa najiambia sijutii, na kweli sikujuta, ila nilihesabu milio ya fimbo yake mpaka mlangoni.

Nilipotoka kuchota maji nilimkuta baba amekaa jikoni kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na gunia la viazi ambalo shangazi alituletea kutoka Dundori, na juu ya gunia alikuwa amechomeka mwiko wa mama. Alikuwa ameushika kwa mkono wa kushoto. Anausogeza, anauacha, anausogeza, anauacha.

"Mnaendesha viazi sasa?" mama akasema. "Basi mfike haraka, nataka mwiko wangu."

Baba hakucheka. Akasema, "Mama watoto, mwambie msichana wako alifanya vizuri kusimamisha ile kitu."

Mama akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtungi. "Baba anasema ulifanya vizuri kusimamisha ile kitu."

"Mwambie..." nikaanza, kisha nikaona ujinga wake. Kesho saa mbili mama hangekuwepo. Nikaweka mtungi chini.

"Baba," nikasema, "yule mtu alisema alikuja kuona darasa. Sisi ndio tuliokuweka kwenye kiti. Hakuuliza kukuona ukiendesha."

Mwiko ukasimama. Mama naye akasimama, kisu mkononi.

"Kesho kaa mahali pangu, kwa kompyuta," nikasema. "Nitakaa mimi kwenye kiti. Unifundishe kuteremka."

"Wewe?" Sasa alikuwa ananitazama mimi, si dari. "Wewe hujui kuendesha hata wilibaro."

"Ndiyo maana."

"Na ukigonga?"

"Nikigonga utanisimamisha. Kitufe unakijua."

Mama akaja akachomoa mwiko kwenye gunia akauosha. Nilifikiri nimevuka mpaka. Lakini alipoongea ilikuwa ni kuuliza, na aliniuliza mimi. "Wale ng'ombe wa kwenye kompyuta wako upande gani? Nilipita karibu nao wiki iliyopita nikitafuta miti."

Nikamwelekeza, kwa kuchora na kidole juu ya meza. Hakueleza anawatakia nini.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikavaa sweta yangu ya shule, na saa mbili kasoro nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha lori la ndani nikiwa nimefunga mkanda. Madereva walikuwa mabenchini. Bosi alisimama mlangoni na mtu wa bima, ambaye alitazama kiti, akanitazama mimi, akamtazama Bosi.

"Huyu ana leseni?"

"Hana hata kitambulisho," baba akajibu kutoka nyuma yangu. "Ni mwanafunzi. Karibu darasani."

Sikuwahi kuliona darasa kutoka upande ule. Skrini zilinizunguka, spika ikaanza kunitikisa, na nikasahau kwamba nilikuwa stoo. Sauti ya baba ikaja kutoka nyuma, ya chini, bila haraka, sauti ambayo nyumbani sijawahi kuelekezewa hata siku moja.

"Nyuma yako una mahindi, trela nzima. Mahindi hayana breki. Gia ya kuteremkia unachagua sasa, kabla hujauona mteremko. Klachi mpaka mwisho. Ya tatu. Achia polepole. Sasa mkono rudisha kwenye usukani, uache huko."

Nikafanya hivyo. Tukafika juu. Dunia ikainama mbele yangu, nikaelewa kwa nini mnene hulalia kona. Lori likaanza kunguruma kwa kuzuiwa.

"Inalia," nikasema.

"Iache ilie. Injini ndiyo inakushika."

Mwendo ukapanda kidogo, mguu wangu ukaruka juu ya breki ukabaki hapo.

"Usiikalie. Gusa, achia. Gusa, achia. Jana mmeona mimi nilifanya nini hapa." Sasa alikuwa anaongea na mabenchi. "Mkono wangu umezoea vibaya, sikuuweza. Nyinyi wengine mna miaka michache kuliko mimi, mnaweza kuutoa huo ugonjwa bado. Msichana, kona hiyo, punguza kabla, si ndani yake."

Nikapita kona. Matofali mekundu ya Salgaa yakaonekana. Nilikuwa nimeanza kupumua wakati ng'ombe wanne weusi kwa weupe, kama wale wa Dundori wanaotoa maziwa, walipotokea kati ya nyumba mbili wakaingia barabarani. Hawakuwepo jana. Nilikanyaga breki na klachi kwa pamoja, breki zikashika kwa sababu zilikuwa baridi, lori likaenda, likaenda, likasimama. Ng'ombe wa mwisho akapita mbele ya kioo changu akitingisha mkia.

"Hao ng'ombe wametoka wapi?" mtu wa bima akauliza. Alikuwa amesogea mpaka nyuma ya meza.

"Nimewaweka mimi," baba akasema. "Saa hii, akiwa kwenye kona. Angekuwa ameweka free, breki zingekuwa zimeisha, angewaua. Angalia joto, hapa. Kijani." Nikageuka kwenye kiti. Mkono wake ulikuwa juu ya maus, kidole kimoja kikionyesha mstari kwenye skrini.

Mtu wa bima aliuangalia mstari. Akamwomba apandishe dereva mwingine kwenye kiti amfundishe pia, na baba akamwita yule mnene, akamfundisha, akamwekea ng'ombe mahali pengine kabisa. Mnene alifika chini salama. Mtu wa bima akatoa kalamu, akaandika akiwa amesimama, akauliza jina kamili la mwalimu. Bosi ndiye aliyemtajia, herufi kwa herufi, wala hakusema kijana.

Mimi nilitoka nje nikaosha uso kwenye bomba la kuoshea malori. Kisha nikarudi ndani, nikavuta kreti la soda mpaka karibu na baba, nikakaa nikamwonyesha jinsi ya kuizima mashine. Kila siku nilikuwa naizima mimi, nikasahau kwamba hajui.